Kati ya Karanga na Karatasi

Simu kutoka kwa binti yake ililia saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Ukoko akiwa ameinamia beseni la mchele kazini, mikono imezama mpaka karibu na viwiko. Aliiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Akajifuta mkono mmoja kwenye aproni, akaibana simu kati ya sikio na bega, na ule mkono wa pili ukaendelea kuosha, maana mchele hauna habari na simu ya mtu.

"Mama, daktari kasema ni wiki hii. Kasema inaweza kuwa hata kesho kutwa. Utakuja?"

"Nitaona, mwanangu."

"Usiniambie utaona. Kila siku unaona. Mahafali yangu uliona. Harusi yangu uliona, ukaja saa ya picha, ukaondoka na sahani mkononi. Sasa sitaki uone tena, Mama. Nataka uje."

Mama Ukoko aliendelea kuosha. Maji ya mchele yalikuwa meupe kama tui.

"Basi la kesho saa moja asubuhi lina nafasi, nimeshauliza," binti aliongeza, sauti imeshuka. "Mama, naogopa."

Neno hilo la mwisho lilimwingia. Huyu alikuwa mtoto wa kuruka ukuta na kurudi nyumbani goti linatoka damu huku anacheka. Kuogopa hakukuwa tabia yake. Mama Ukoko akasema, "Nimekusikia," akakata simu kabla hajaahidi kitu. Kisha akamwaga maji na kuanza kuosha upya.

Tuseme ukweli: alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Huu ulikuwa umehamia na virago vyake. Asubuhi ulikaa kwenye visigino, mchana ukapanda magotini, jioni ukamngoja kiunoni. Akirudi nyumbani alitumbukiza miguu kwenye maji ya chumvi, na mumewe, fundi viatu mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha ngozi, alimtazama akatikisa kichwa. "Viatu ningekushonea vipya," alisema. "Hiyo miguu nikakununulie wapi?"

Mkahawa aliofanyia kazi ulikuwa wa Kichina, wa vyungu, na haukuwa wa watu wa kuvaa tai. Meza kumi na nne, viti visivyo vya ukoo mmoja, na ukutani kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyeiondoa kwa sababu picha yake ya maua ilificha ufa. Mlangoni palikuwa na ubao: TUKO WAZI KUTWA. Na kutwa yao ilikuwa kutwa kweli. Asubuhi walikuja wazee wasiolala pamoja na wauguzi waliotoka zamu, wakanywa uji wa mchele wenye tangawizi. Mchana walikuja wa maofisini, mbio mbio, wakitaka wali wa chunguni na kuku na uyoga, utadhani ofisi itakimbia wakichelewa. Saa tisa alasiri, wakati jiko lolote lenye adabu limelala, waliingia watu wasio na saa, wakaagiza biringanya, wakakaa. Jioni zikaja familia na makelele yao. Katikati ya hayo yote hapakuwa na nafasi ya mpishi kukaa chini, na kama ingekuwapo, kiti cha jikoni kilikuwa kimevunjika mguu tangu zamani na kilifanya kazi ya kushikilia mlango wa stoo.

Jina la Mama Ukoko alipewa na wateja. Thamani ya wali wa chunguni iko chini. Juu mna kuku, mna soseji tamu, mna yai, lakini mjuzi anaanza kukwangua. Ukoko ambao nyumbani kwao ni haki ya anayeosha vyombo, pale watu wazima na akili zao waliugombania kwa vijiko.

Na ukoko haupikwi kwa macho. Ukifunua kifuniko kuchungulia, mvuke unatoka, wali unanyong'onyea, basi tena. Ni kazi ya pua. Kwanza chungu kinanuka maji ya moto. Halafu kinanukia wali. Hapo unakilaza ubavu ili moto ulambe upande mmoja, kisha mwingine, mpaka kizunguke, huku unadondoshea mafuta ukingoni. Halafu inakuja harufu ya karanga zinazokaangwa. Hapo teremsha. Ukizubaa, inafuata harufu ya karatasi inayoungua, na chungu hicho hakina tena wa kupewa. Kati ya karanga na karatasi kuna kama dakika moja tu. Mama Ukoko alikuwa ameishi ndani ya dakika hiyo miaka kumi na tisa.

Aliyemfundisha ni Mzee. Mzee ndiye aliyeufungua mkahawa, baada ya kufika na vyungu ishirini vilivyofungwa kwenye majani makavu kama mayai, zamani hizo Mama Ukoko hajaolewa. Kiswahili alikipata sokoni, kwa hiyo alijua kukisifia kitu na kukitukana kwa ufasaha ule ule. Mkewe alipofariki, hesabu na mlango alimwachia binti yao, mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye kila mtu alimwita Bosi, hata baba yake. Mzee mwenyewe akabaki jikoni. Jiko lilikuwa refu, lenye mioto kumi na miwili: sita ya Mzee, sita ya Mama Ukoko, bega kwa bega.

Miaka miwili na ushei nyuma, Mzee aliugua homa akalala wiki tatu. Siku aliyorudi kazini, kitambaa cha kushikia vyungu kilidondoka karibu na moto kikaanza kuungua polepole, pale pale kando ya kiwiko chake. Ukumbini watu wakaanza kukohoa. Mhudumu mkuu, mama mmoja mnene waliyemwita Redio, ambaye siri yake ya mwisho aliitunza kabla hajaota meno, alipaza sauti kuuliza nani anachoma godoro. Na Mzee, yule aliyekuwa akiijua tangawizi ya jana tokea mlangoni, aliendelea kukata vitunguu.

Mama Ukoko alikimwagia kitambaa maji. Mzee akakitazama, akamtazama na yeye.

"Samahani, Mzee," alisema Mama Ukoko. "Mimi ndiye niliyekiweka vibaya."

Hakukiweka yeye. Lakini mtu aliyekufundisha kazi humvunjii heshima kwa sababu ya kitambaa. Dakika kumi baadaye chungu cha tatu cha Mzee kikaanza kunukia karanga, na Mzee hana habari. Mama Ukoko akagonga upawa wake kwenye ukingo wa jiko, mara mbili, kama mtu anayekung'uta mchuzi, na mpini akauelekeza kwenye kile chungu. Mzee aliinua kichwa. Akautazama mpini. Akakiteremsha chungu, na ukoko wake ulikuwa wa rangi ya asali.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Upawa ukigonga mara moja, laza ubavu. Mara mbili, teremsha. Hawakuwahi kulizungumza hata kwa nusu neno. Wateja walidhani ni mtindo wa jikoni, na Redio aliwaambia wageni kwamba ndivyo wafanyavyo huko vyungu vilikotoka.

Lakini kunusa kwa ajili ya watu wawili si mchezo. Mama Ukoko alikwenda msalani kwa kukimbia na kurudi kwa kukimbia. Mafua aliyaogopa kuliko wezi. Akisikia mtu kapiga chafya ndani ya basi, alishuka. Likizo aliisikia kwa wenzake. Na yote hayo kwa sababu Bosi alishasema wazi, mbele ya wafanyakazi wote: siku baba yake atakapopumzika, ataleta majiko ya kujizima, yale ya kubonyeza yenye saa, unaweka chungu unakwenda zako. Mama Ukoko aliyaona majiko hayo kwa jicho la Mzee. Aliona jinsi mzee wa watu atakavyoishi kuitazama mashine imesimama mahali pake. Upande wake mwenyewe, kwamba mashine haitahitaji pua ya mtu yeyote, hakuupa nafasi. Ukimjia alianza kuosha kitu.

Saa tatu asubuhi, wanywaji uji walipopungua, alijifuta mikono akaenda mbele kwa Bosi.

"Bosi, naomba ruhusa. Binti yangu anajifungua wiki hii."

Bosi aliinua macho kutoka kwenye daftari la oda. "Wiki hii? Na wewe bado umesimama hapa unaniangalia?"

"Nilikuwa nauliza kama..."

"Chukua siku kumi. Chukua mwezi. Mama, mimi nimekuomba uende likizo mpaka nimechoka kuomba. Watu watasema nimekufunga kamba."

"Na jiko?"

"Jiko lina mwenyewe. Baba atashika mioto yote kumi na miwili. Si ndiye aliyekufundisha?"

"Ndiye."

"Basi, nenda."

Ruhusa ilitoka nyepesi hivyo, na huo wepesi ndio uliomkaba. Angenyimwa, angepata wa kumlaumu na moyo ungetulia. Maneno yalimjia mpaka kwenye meno: Bosi, baba yako hasikii harufu. Akayameza. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nao walisema kweli. Lakini huu uchi haukuwa wake, na mwenyewe hakuwa ameomba ufunuliwe.

"Kuna jingine?" aliuliza Bosi.

"Hapana. Ahsante."

Alirudi jikoni. Mzee alikuwa akifunga waya kwenye tumbo la chungu kilichopata ufa, kazi aliyoipenda, ulimi umetokeza kidogo kwenye kona ya mdomo.

"Ulikuwa unaomba nini kwa Bosi?"

"Binti yangu anajifungua, Mzee."

"Mjukuu wa kwanza?"

"Wa kwanza."

Mzee aliweka koleo chini. Uso wake wote ulikunjuka. "Sasa wewe unangoja nini? Nenda! Nenda kesho. Jiko nitashika mimi."

"Nitaona."

"Hakuna kuona. Nitashika mimi, nimesema."

Akaokota koleo akaendelea na waya wake, anaimba puani. Na hapo ndipo hasira zilipompanda Mama Ukoko, hasira za siku nyingi, zilizoiva kimyakimya. Atashika kwa kitu gani? Kwa nywele? Mtu ambaye godoro linaweza kuungua chini yake asigeuke, anasema nitashika, kwa mdomo mwepesi hivyo, kana kwamba miaka miwili vyungu vyake vimekuwa vikijiteremsha vyenyewe. Hakuna asante, hakuna pole, hakuna hata kumtazama usoni. Alikumbuka mahafali. Mwanawe alikuwa amevaa joho, akatuma picha, na yeye aliitazama picha hiyo kwa jicho moja kwa sababu jicho la pili lilikuwa kwenye vyungu vya mzee huyu. Haya, na ashike. Tuone atakavyoshika.

Saa saba mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Redio alisimama kwenye dirisha la jikoni akimwaga oda bila kuvuta pumzi: kuku na uyoga vinne, soseji vitatu, samaki wa chumvi viwili, mmoja anataka yai lisiive na mwingine anataka liive mpaka litubu. Mioto kumi na miwili ikawaka. Mama Ukoko alipanga vyungu vyake sita, Mzee akapanga vyake sita. Maji yakachemka, wali ukayanywa, vifuniko vikatulia.

Harufu ya wali ikaja. Mama Ukoko alivilaza vyake ubavu. Mzee akatazama, naye akavilaza vyake. Hilo aliweza kuliiga kwa macho. Lakini vya Mzee vilikuwa vimetangulia. Vilibandikwa mapema, kwenye mioto ya upande wa ukutani ambayo siku zote ilikuwa mikali.

Mama Ukoko aliutia upawa kwenye mfuko wa aproni.

Karanga zikaja kutoka upande wa Mzee. Kwanza chungu kimoja, halafu vitatu kwa pamoja, harufu nene, tamu, ya kumfanya mtu ameze mate. Mkono wake ulishtuka wenyewe ukaelekea mfukoni. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaushikilia tumboni. Mzee aligeuza kichwa. Hakumtazama usoni, alitazama mahali upawa unapokaa siku zote, pale ukingoni, pakiwa patupu. Akatazama vyungu vyake. Akatazama tena pale ukingoni.

Dakika moja ni ndefu kwa mtu anayeihesabu. Mama Ukoko aliihesabu yote. Katikati yake hasira zilimwisha, akabaki na aibu, na bado hakugonga. Hata baadaye hakuweza kueleza ni kwa nini. Alikuwa amechoka mno hata kutubu.

Karatasi ikaja. Moshi ulianza kutoka chini ya kifuniko cha kwanza, mwembamba, wa samawati, kisha cha pili, kisha vyote sita.

"Jamani, kuna nini kinaungua huko?" Redio alipiga kelele dirishani. Ukumbini kelele za vijiko zikapungua.

Mzee hakukurupuka. Alinyoosha mkono akazima mioto yake sita, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba kabla ya safari. Wakati huo vyungu vya Mama Ukoko vilianza kunukia karanga, naye akaviteremsha kwa mkupuo, akamsukumia Redio dirishani. Kisha akamgeukia Mzee.

"Mzee, nisamehe. Nili..."

Mzee alikuwa anafungua aproni yake. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka juu ya jiko lililozimwa.

"Hatimaye," alisema.

"Hatimaye nini?"

"Hatimaye umenyamaza."

Mama Ukoko alimtazama asimwelewe.

"Siku ile niliyorudi kutoka kwenye homa," Mzee alisema, "nilikuja kumwambia Bosi: basi, mwanangu, mimi nimechoka, pua imekufa, magoti yamekufa, naomba kukaa. Nilikuwa nayo maneno, nimeyapanga njiani. Nikasema, acha nipike mchana huu wa mwisho. Halafu wewe ukaanza kugonga."

"Nilikuwa nakusitiri, Mzee!"

"Najua. Ndiyo shida yenyewe. Nikasema moyoni, huyu mama anataka nibaki. Kwa nini anataka nibaki? Nikakumbuka yale majiko ya Bosi. Nikitoka mimi, anakuja mashine, wewe na pua yako mnakwenda wapi? Una watoto. Miguu yako inavimba, naiona. Nikasema, haya, nitasimama kidogo, mpaka mwenyewe aseme imetosha." Akapangusa jasho la paji la uso. "Nikikaa, nilijiuliza, huyu atamgongea nani?"

"Kwa hiyo ulikuwa umesimama kwa ajili yangu?"

"Na wewe ulikuwa unanusa kwa ajili ya nani?"

"Miaka miwili, Mzee!"

"Na miezi minne. Magoti yanahesabu."

Mama Ukoko hakujua kama acheke au apige ukuta. Mahafali yalimjia, na harusi, na sahani mkononi, na mara zote alizomwambia mwanawe nitaona. Vyote hivyo alivitoa sadaka kwa mtu ambaye hakuviomba, na ambaye naye alikuwa akitoa sadaka ya magoti kwa mtu ambaye hakuyaomba. Heshima zao ziliwakalia shingoni, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwuliza mwenzake swali la maneno matatu. Alihisi machozi. Yalikuwa ya uchungu zaidi kuliko ya huruma, na hakuyafuta.

"Twende tukakae," alisema Mzee.

Alikishika kimoja cha vile vyungu vilivyoungua kwa kitambaa, akatoka nacho ukumbini, Mama Ukoko nyuma yake. Wateja waliwapisha. Ile meza ya karibu na mlango wa jikoni ilikuwa imeachwa wazi sasa hivi, sahani bado chafu. Wakakaa. Mama Ukoko alikuwa ameitazama meza hiyo miaka kumi na tisa bila kujua kwamba ukiikalia unaona barabara na mti mmoja mdogo upande wa pili. Mzee alikwangua. Chini mlikuwa na ukoko mweusi ti, unaotoka kwa vipande. Akatafuna, kraa, kraa.

"Mchungu huo, Mzee. Acha."

"Sijui uchungu wala utamu. Ukoko nausikia kwa meno tu," alisema, akamsogezea kijiko.

Hivyo ndivyo Bosi alivyowakuta: saa saba na nusu mchana, watu wamesimama mpaka barabarani, na wapishi wake wawili wameketi mezani wanakula masizi.

"Baba?"

Mzee angeweza kusema kwa lugha yao ya nyumbani. Alisema kwa Kiswahili, ili Mama Ukoko asikie kwamba amelisema. "Mwanangu, mimi sisikii harufu. Tangu ile homa. Huyu ndiye aliyekuwa akinusa vyote kumi na viwili."

Bosi aliwatazama mmoja mmoja. Uso wake ulianza kukasirika, ukakosa wa kumkasirikia. "Tangu ile homa," alirudia. "Na mimi nakaa pale mbele kila siku, najisifu kwa wateja kwamba baba yangu bado ana nguvu za kijana." Alivuta kiti akataka kukaa, akakumbuka foleni, akasimama tena. "Sasa na mimi mngeniambia ingekuwa nini? Ningewala?"

Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alikuwa amekosa neno.

Bosi alikwenda stoo, akachana upande mmoja wa katoni ya sosi, akaandika kwa kalamu nene: TUMEFUNGA. Akasimama nayo mlangoni asijue aitundike wapi, maana mlango ule haukuwahi kuwa na msumari wa habari kama hiyo. Mwishowe aliibandika kwa gundi ya karatasi juu ya ubao wa TUKO WAZI KUTWA, akaanza kuwaomba radhi watu. Mmoja aliuliza wamefunga mpaka saa ngapi. Bosi akageuka akamtazama baba yake, ambaye alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho yamefumba. "Sijui," alisema.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Mama Ukoko aliuliza lile lililokuwa limemkaa kooni. "Na hayo majiko ya kujizima, Bosi?"

"Sitakudanganya, Mama. Yatakuja, pengine si yote. Sijui." Bosi alikuwa akikusanya vijiko. "Wewe nenda kwa mwanao kwanza. Ukirudi tutaongea."

Mama Ukoko alikuwa mtu mzima, na uzito wa "tutaongea" aliujua: linaweza kuwa mlango na linaweza kuwa ukuta. Siku nyingine lingemnyima usingizi. Siku hiyo alilichukua kama lilivyo. Alivua aproni, akautoa upawa mfukoni, akaukabidhi kwa Redio, na saa tisa alasiri, saa ya watu wasio na saa, alikuwa barabarani anakwenda nyumbani kufunga mzigo. Mumewe alipomwona anaingia jua bado liko juu, aliuliza nani amekufa.

Mtoto alizaliwa siku ya pili tangu bibi yake afike, alfajiri, wa kike, na sauti ya kuuza magazeti. Mama Ukoko alishika mkono wa binti yake mwanzo mpaka mwisho, akabanwa mpaka pete ikamwachia alama. Walipomrudisha mzazi nyumbani, aliketi kando ya kitanda kumlinda, akalala yeye. Alilala mchana, akalala jioni, akaamka akala akalala tena. Binti yake alimcheka mpaka nyuzi zikamwuma. "Mama, hapa aliyejifungua ni nani?"

Siku ya nne mkwe wake, kijana mpole mwenye miwani, alijifungia jikoni akasema leo asiingie mtu, wali anapika yeye. Mama Ukoko alikuwa chumbani, ameegemea mto, binti yake kando, mjukuu amemlalia begani. Harufu ya maji ya moto ilipita chini ya mlango. Baadaye harufu ya wali. Yeye aliendelea kumtazama mtoto, vile vidole vyake visivyo na kazi bado.

Karanga zikaja. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukagonga mara mbili. Hapakuwa na jiko wala upawa. Uligonga mgongo wa mtoto, taratibu, na mtoto akacheua kidogo akaendelea kulala.

Binti yake alinyanyua pua. "Mama, husikii? Huyu anataka kuunguza wali. Mwite umwambie."

Mama Ukoko alikuwa amesikia, na alijua hata ni upande upi wa sufuria. Alijua kwamba imebaki nusu dakika, na kwamba kutoka pale alipo mpaka jikoni ni hatua tisa. Alinyoosha miguu yake yote miwili juu ya kitanda.

"Mwache," alisema. "Ana pua yake."

Karatasi ikaja. Jikoni kifuniko kilianguka, mtu akasema maneno ambayo hayafai mbele ya mama mkwe, na dirisha likafunguliwa kwa haraka. Walikula wali ulioungua, wote watatu, kitandani, na mkwe aliomba radhi kwa kila kijiko. Mama Ukoko aliomba apewe wa chini.